Mashine Nyekundu ya Zahanati

Keza, 5 Oktoba 1997

Zimefika. Padri Anastazi amezileta kwenye lori la parokia: pikipiki mbili za magurudumu manne, moja nyekundu, moja ya bluu. Zimetolewa na chama cha vijana wa Ulaya wanaoshindana mbio kwenye mchanga. Waliambiwa huku kuna wajawazito wengi na barabara chache, wakatoa walichokuwa nacho.

"Ernesta," Padri akaniambia, "mkunga hatatembea tena kwa miguu."

Nimeijaribu nyekundu hapa uwanjani mwa zahanati. Ukiiwasha inalia kama nguruwe anayechinjwa, lakini haisogei. Ukiongeza resi, haisogei. Ukiongeza zaidi, inaruka. Nimejikuta kwenye migomba ya Padri.

11 Oktoba

Niliitwa Kirushya kwa msichana wa mimba ya kwanza. Nikaondoka na nyekundu. Mlimani ilikohoa, ikafuka moshi, ikazima. Plagi nyeusi kama mkaa. Nikaiacha njiani, nikapanda kwa miguu na mkoba kichwani. Nilipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mama yu hai. Bibi wa msichana aliniuliza nini kilinichelewesha.

12 Oktoba, Jumapili

Baada ya misa mdogo wangu Audax amekuja na mzigo wa kuni. Nilimlea mwenyewe baada ya mama yetu kufariki, na sasa ni mtendaji wa kijiji, lakini bado ananibebea kuni begani watu wakiona. Amezicheka mashine hadi akakaa chini.

"Dada, ziuzeni hizi, mnunue ng'ombe."

Padri hataki. Amesema atamwita Niyibizi.

16 Oktoba

Niyibizi ni fundi wa baiskeli na mashine za kusaga. Mama yake alivuka naye kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mgongoni. Amekulia hapa, ameoa hapa. Mkewe Speciose, naye amezaliwa hapahapa Keza kwa wazazi waliovuka mwaka uleule, ana mimba ya miezi saba. Yule simwachi aende mbali na macho yangu: uzazi wa kwanza alipasuliwa, na kovu la namna hiyo si la kuchezea. Lazima ajifungulie hospitali.

Leo fundi ameifungua nyekundu mpaka mifupa. Vyuma vyote viko juu ya turubai la wakimbizi. Nimemuuliza kama ana hakika ataweza kuirudisha.

"Mama Nesi, hii haina ugonjwa. Imetengenezwa kwa mbio za tambarare. Nguvu yake yote iko juu, kwenye resi kubwa. Wewe unataka nguvu ya chini, ya kupandia mlima na mzigo."

"Na inahamishika?"

"Inahamishika. Ila ukiweka huku, unaondoa kule."

Simwamini sana. Anaongea na vyuma kuliko na watu.

21 Oktoba

Mvua ya kwanza. Watu wamefurahi.

24 Oktoba

Fundi ameniomba sindano kuukuu ya kuchomea. Nikadhani ni ya ng'ombe. Kumbe ndani ya kabureta kuna kijitundu cha kupitisha petroli, wanakiita jeti. Kule walikotoka wavulana wale ni karibu na bahari, hewa nzito. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi, petroli inazidi, ndiyo sababu plagi inakuwa nyeusi. Ameziba tundu kwa risasi ya kuchomelea, akiwa ameingiza sindano yangu katikati. Alipoivuta, likabaki tundu jembamba kama sindano.

"Plagi ikiwa nyeusi, mashine inakusumbua tu," amesema. "Ikiwa nyeupe, inakuua. Nyeupe maana yake petroli ni kidogo, na mafuta ya kulainisha yamo humohumo ndani ya petroli. Pistoni inapata moto, inavimba, inashika ukutani. Tairi za nyuma zinasimama ghafla na wewe unaendelea na safari peke yako."

"Rangi nzuri ni ipi?"

"Ngozi ya karanga."

28 Oktoba

Mvua. Amekata bomba la moshi na kulirefusha kwa mguu wa kitanda chetu kilichovunjika. Anasema bomba refu linashusha nguvu chini. Chini ya silinda ametoa gasketi nene, akaweka ya karatasi ya boksi la chanjo, ili silinda ikae chini kidogo. Nyuma ameongeza meno ya cheni.

Jioni nimepanda kilima cha kanisa na Padri nyuma yangu. Imepanda polepole, haikukohoa hata mara moja. Nimemshika fundi mkono. Mikono yake inanuka petroli, yangu dawa.

2 Novemba

Tumeombea marehemu makaburini huku tukinyeshewa. Audax amesimama na mimi chini ya mwavuli. Kutoka pale unaona bonde la Niyibizi, maharage yametoka yote, kijani kimoja.

"Hakuna bonde kama lile Keza nzima," Audax amesema. "Mtu asiye na kwao ana bahati."

Nikamwambia huyu kwao ni hapa. Akasema ndiyo, dada, ni msemo tu.

7 Novemba

Mvua. Redio inasema ni El Nino na itaendelea. Land Rover ya parokia imezama Nyantakara, Padri ameiacha huko.

9 Novemba

Nimekwenda vitongoji viwili na mashine nyekundu, nimezalisha mapacha. Wote wazima.

12 Novemba

Nimemgombeza Niyibizi mbele ya watu. Ile ya bluu ilikuwa karibu kwisha. Nilitaka iwe pacha wa nyekundu. Kumbe alikuwa amefanya kinyume. Amepanua kwa tupa milango ya silinda, ile ya kupitishia moshi, amepunguza petroli kwenye jeti, ili apate kuona tu inaweza kukimbia kiasi gani. Asubuhi alikwenda nayo kwenye barabara ya zamani ya kambi ya Wanyarwanda waliorudishwa kwao mwaka jana, ile pana iliyobaki na nyasi. Tulimsikia tukiwa hapa zahanati. Sauti ilipanda, ikapanda, ikawa nyembamba kama filimbi. Halafu kimya.

Nilikimbia na mkoba nikidhani nakwenda kuokota maiti. Nimemkuta amekaa matopeni, bega limechubuka, anacheka na kulia. Plagi nyeupe kama chaki. Pistoni imekula ukuta wa silinda. Ya bluu imekufa.

"Ilikwenda, Mama Nesi. Ungeiona."

"Mkeo ana mimba, na wewe unacheza!"

Ameinamisha kichwa. Amesema alitaka mara moja tu katika maisha yake aende mahali ambapo hakuna mtu wa kumfikia. Nilikuwa na hasira mno, sikumuuliza maana yake. Sasa nimelala nayawaza maneno hayo.

15 Novemba

Sasa naelewa. Amri imetoka: Warundi wote wanaoishi vijijini wakusanywe, wapelekwe kambini Lukole. Wapya na wa zamani. Sokoni watu wanaongea kwa sauti ya chini. Muuza chumvi, aliyenipimia chumvi miaka yote, hakuwepo kwenye meza yake.

Nimemuuliza Audax. "Ni wale wanaoingia kwa siri, dada. Wa kwetu ni wa kwetu."

19 Novemba

Mvua. Lori limepita kwenda upande wa Kirushya likiwa tupu.

20 Novemba

Lori limerudi likiwa limejaa watu, hata watoto. Mwanamke mmoja alikuwa amepakata sufuria lenye ugali wa moto. Ulikuwa bado unatoa mvuke.

23 Novemba, Jumapili

Audax hakuja.

26 Novemba

Nimemwona Audax kwa macho yangu. Anatembea na askari wawili njia ya juu, mwavuli mkononi, ananyoosha kidole. Nyumba hii. Ile, hapana. Ile pale. Askari ni vijana wa pwani, hawawezi kumtambua Mrundi kwa kumsikia, maana sisi sote hapa tunachanganya l na r. Bila mtu wa kunyoosha kidole wangezunguka mwaka mzima.

Nimekwenda kwake. Mkewe amenipa kiti. Audax amenisalimu, shikamoo dada, nikaitikia.

"Wewe ulisema wa kwetu ni wa kwetu."

"Niliambiwa kiongozi anayeficha atapelekwa pamoja nao. Nina watoto, dada."

"Na Niyibizi?"

"Niyibizi ni fundi wa Padri. Nitajitahidi."

Nimetoka nikiwa nimeamini kidogo. Ni mtoto niliyemfundisha kuoga.

1 Desemba

Mvua haijakatika tangu juzi. Daraja dogo limekwenda. Fundi anaifungua nyekundu kwa mara ya mwisho kabla ya safari ya mkewe, abadilishe ringi za pistoni. Tumekubaliana nimpeleke Speciose hospitalini tarehe kumi akasubiri hukohuko. Ameunda tela dogo la nyuma, lenye godoro na paa la turubai.

Amenifundisha kuchanganya mafuta na petroli, kufunga kabureta, kusoma plagi. Nikamuuliza kwa nini ananifundisha yote hayo leo. Akasema nina mikono mizuri.

4 Desemba

Wamemchukua Niyibizi.

Ilikuwa asubuhi, hapa uwanjani, akiwa amepiga magoti mbele ya mashine. Silinda ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake. Kabureta ilikuwa bado chini kwenye sinia la chuma. Lori lilisimama nje ya ua. Audax hakushuka, nilimwona mbele karibu na dereva. Padri alitoka akibishana, akaonyesha kitabu cha ubatizo chenye jina la Niyibizi, hata la mtoto wake wa kwanza aliyefariki. Askari mkubwa alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Padri, mimi nimetumwa."

Niyibizi aliomba kunawa mikono. Wakamruhusu. Akiwa ananawa aliniambia kwa Kirundi, taratibu, bila kuniangalia: "Jeti ziko mbili kwenye kifuniko. Moja sijaijaribu." Akanyanyuliwa.

Sikujua ni ipi.

Speciose alikuwa chumba cha kujifungulia, amekuja kupimwa. Alisikia yote kupitia dirisha. Alipotaka kutoka nilimshika mabega nikamkalisha. Kambini wanapelekwa kwa lori, na lori lile linarushwa na mashimo. Kwa tumbo lile, na kovu lile, angepasuka njiani. Nimemwambia atalala hapahapa zahanati.

6 Desemba

Mvua. Namficha. Padri anajua, na sista wa jikoni. Hakuna mwingine.

8 Desemba

Audax amekuja mchana, amevua viatu mlangoni kama mgeni.

"Dada, Speciose hayupo nyumbani kwake."

"Labda amemfuata mumewe."

"Hajamfuata. Wamehesabu kambini."

"Basi sijui."

Akaangalia kamba ya nguo chini ya paa. Kitenge cha Speciose kilikuwepo, kile cha njano, kila mtu Keza anakijua. Akakiangalia kwa muda mrefu. Akavaa viatu. "Mvua hii itaozesha kila kitu," akasema, akaondoka.

Sijui alichokuja kukifanya. Huko nyuma nilikuwa namjua hata kwa kikohozi.

9 Desemba

Nimefunga kabureta. Nimeziweka jeti zote mbili mbele ya dirisha. Kwa macho ziko sawa. Nimepitisha uzi wa kushonea vidonda: kwenye moja umepita kwa shida, kwenye nyingine umepita bila kugusa. Nikachukua yenye tundu kubwa. Nyeusi inasumbua, nyeupe inaua. Afadhali nisumbuliwe.

10 Desemba

Tulikuwa tuondoke leo. Mto umefunika njia. Hakuna safari.

12 Desemba

Mto bado. Lori limepita mara mbili.

15 Desemba

Naandika leo kwa sababu jana vidole vyangu vilivyoungua havikuweza kushika kalamu.

Jana, Jumapili, watu wakiwa misani, Speciose ameshikwa na uchungu. Wiki mbili kabla. Nilimpima nikaona kovu limevutika na linauma hata katikati ya uchungu mmoja na mwingine. Hiyo ni dalili mbaya. Mto ulikuwa umeshuka hadi kwenye magoti. Nikampakia kwenye tela, nikamfunika turubai, sista akatufungulia ua.

Mashine ilifuka moshi mweusi lakini ilivuta. Tulivuka mto maji yakiingia kwenye viatu vyangu. Nilijua fundi alichokifanya: mahali pa kupanda haikulia, ilinguruma chini kama ng'ombe, ikapanda. Nyuma Speciose alikuwa akisali, kila tukiingia shimoni sala inakatika, halafu anaianza upya tangu mwanzo.

Kwenye mlima mrefu ikaanza kukohoa. Ikazima. Nikaweka mawe nyuma ya tairi. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni. Nikafungua plagi ikiwa ya moto, ikaniunguza vidole. Nyeusi, imelowa. Niliifuta kwa upindo wa gauni, nikaikwangua kwa wembe wa kukatia kitovu, nikaipuliza.

"Mama," Speciose akaita, "kuna kitu kinachanika."

"Hakuna. Ni godoro." Nilidanganya.

Nikaipiga teke. Hapana. Tena. Hapana. Mara ya tatu ikawaka, nami nikalia kwa sauti kama mtoto. Nikaipandisha hadi juu bila kuachia resi.

Kwenye njia panda kuna kizuizi: kila njia imelazwa mti juu ya mapipa. Kulia ni hospitali, mbali. Kushoto ni kambi. Kwenye kibanda alikuwepo askari kijana mmoja tu, pamoja na Audax.

Askari akachungulia chini ya turubai, akarudi nyuma haraka. "Huyu anazaa! Piteni, mama, piteni." Akashika mti wa kulia aunyanyue.

"Subiri," Audax akasema. Alikuja karibu, akamtazama Speciose, ambaye alikuwa ameuma kona ya turubai. "Huyu ni mkimbizi. Ni mke wa yule fundi. Aende kambini."

"Audax," nikasema. "Audax, mama yetu alikufa hivi. Wewe ndiye uliyekuwa unazaliwa."

Hakuniangalia. Alimwambia askari, "Kambini kuna daktari wa kupasua. Aende kambini, aandikwe." Askari alitutazama wote wawili. Yeye ni mgeni, Audax ni serikali ya hapa. Akanyanyua mti wa kushoto.

Sikuwa na muda wa kuchagua. Nilikwenda kushoto.

Daktari wa kambini ni mwanamke mgeni, mfupi, haongei. Alimtazama Speciose mara moja akawaita watu wake. Nilibaki nje na mashine. Ilikuwa ya moto mpaka mvua inachemka juu ya silinda. Baadaye wakaniambia mtoto alitoka wa bluu, wakampiga, akalia. Msichana. Kovu lilikuwa limeanza kuachia. Daktari alinionyesha kwa vidole: hivi, kidogo tu zaidi, lingeachia lote.

Niyibizi aliletwa kutoka kwenye mahema akikimbia. Alimwona mkewe, akamwona mtoto, kisha akaja nje. Hakusema asante. Akafungua plagi, akaiangalia.

"Uliweka ile kubwa."

"Ndiyo."

"Ile ndogo ndiyo niliyokuwa sijaijaribu." Akakaa chini matopeni kama siku ile ya bluu. "Kwa mlima ule ingeshika. Mngekufa wote."

Mtoto ameitwa Iteka, yaani heshima kwa Kirundi.

20 Desemba

Nimekwenda kuwaona. Hawaruhusiwi kutoka nje ya eneo la kambi. Nyumba yao hapa imeondolewa mlango.

25 Desemba

Kanisa nusu tupu. Padri amehubiri kwa kifupi. Benchi za upande wa kushoto, walikokuwa wakikaa akina Niyibizi, hakuna aliyekwenda kuzikalia.

28 Desemba

Mvua. Kuna watu wanang'oa maharage bondeni. Sikutaka kutazama ni akina nani.

4 Januari 1998, Jumapili

Audax amekuja baada ya misa na gunia. Amelibeba mwenyewe. Amelitua mlangoni.

"Mavuno, dada."

"Ya bonde lipi?"

"Bonde ni la kijiji sasa. Tumegawana wachache."

Nikalitazama gunia, nikamtazama yeye. Amekonda. Kola ya shati imechakaa.

"Unanihukumu," akasema. "Lakini kule hospitali usingefika. Ungefika na maiti wawili. Mimi nilijua kambi ni karibu, nilijua daktari yupo. Niliwaokoa wale."

"Ni kweli," nikamwambia. "Ungeweza kusema hivyo tu: kambi ni karibu. Kwa nini ulisema ni mkimbizi?"

Aliondoka kwenye mvua, akaviacha viatu alivyovivua mlangoni. Nimeviweka chini ya paa. Hajatuma mtu kuvichukua.

6 Januari

Nimelipakia gunia lote kwenye tela, nimekwenda nalo kambini. Mashine imepanda vizuri. Fundi alinipa jeti nyingine wiki iliyopita, plagi ni ngozi ya karanga. Kwenye kizuizi askari ameuliza kama ni biashara. Nimemwambia ni mali ya mtu, nampelekea mwenyewe. Ameinua mti.

Speciose alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, mtoto mgongoni. Niyibizi akafungua gunia. Speciose akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa maharage machache, akayaweka kiganjani. Aliyatambua, ile mbegu ya madoadoa ni ya mama yake. Akabonyeza moja kwa ukucha. Lilibonyea, ndani bado kijani.

"Hayajakauka," akasema. "Yalihitaji wiki mbili zaidi." Akaniangalia, na kweli alitaka kujua. "Walikuwa na haraka ya nini?"